Viti Hamsini vya Zanzibar: Idadi Imelindwa, Uzito Umepungua

Siku ya uchaguzi mkuu mpiga kura wa Bara hupewa karatasi tatu: ya Rais, ya mbunge na ya diwani. Wa Unguja na Pemba hupewa tano, maana ana marais wawili wa kuwachagua, na juu ya mbunge ana mwakilishi. Tarehe 25 Oktoba 2015 watu walipanga foleni, wakazitumbukiza zote tano masandukuni, wakarudi majumbani kusubiri. Siku tatu baadaye Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatangaza kwamba uchaguzi umefutwa. Zilizofutwa ni karatasi tatu: ya Rais wa Zanzibar, ya mwakilishi na ya diwani. Mbili za Muungano zikabaki halali, ingawa zilipigwa siku ileile, kituo kilekile, na mkono uleule.

Basi Novemba mwaka huo wabunge kutoka Zanzibar waliapa Dodoma, huku Baraza la Wawakilishi likiwa halipo mpaka uchaguzi uliporudiwa tarehe 20 Machi 2016, tena bila ya chama kikuu cha upinzani, CUF. Kwa miezi minne Zanzibar ilikuwa na wabunge bila kuwa na chombo chake cha kutunga sheria. Nani alishinda na nani alishindwa ni mjadala wenye wasemaji wake, siuingii hapa. Kinachonishughulisha ni kwamba Bunge liliendelea kana kwamba hakuna kilichopungua. Kama wabunge wale walikuwa wanaiwakilisha Zanzibar, mshirika wa Muungano, iliwezekanaje mshirika mwenyewe awe hana baraza na uwakilishi wake uhesabiwe kamili? Na kama walikuwa wanawakilisha majimbo yao tu, kama mbunge wa Kondoa au wa Nachingwea anavyowakilisha jimbo lake, basi kwa nini wawe hamsini?

Swali hilo halikuanza 2015. Limo ndani ya Muungano tangu mwanzo.

Mapatano ya Muungano, yaliyotiwa saini na Mwalimu Nyerere na Mzee Karume tarehe 22 Aprili 1964, yaliorodhesha mambo 11 ya Muungano na kusema kwamba Zanzibar itabaki na chombo chake cha kutunga sheria na serikali yake kwa mambo mengine yote. Kuhusu Bunge la pamoja, Mapatano yalitaja tu kwamba kutakuwa na uwakilishi wa Zanzibar. Wangapi, wachaguliwe na nani, wakifika wafanye nini: hayo yaliachwa yajazwe baadaye. Yamejazwa mara kadhaa tangu hapo, na kila mara kwa fikra tofauti na ile ya kabla yake.

Fikra ya kwanza ilikuwa ya ujumbe wa serikali. Katiba ya Muda ya 1965 iliwaweka Bungeni wajumbe wa Baraza la Mapinduzi wasiozidi 32, pamoja na Wazanzibari wengine wasiozidi 20 walioteuliwa na Rais kwa kuafikiana na Rais wa Zanzibar. Bara ilikuwa na majimbo 107 yenye wabunge wa kuchaguliwa. Zanzibar wakati huo haikuwa na watu laki nne. Kwa hesabu ya vichwa hilo lilikuwa jambo la kustaajabisha, lakini kwa fikra ya Mapatano lilieleweka: aliyekaa kwenye viti vile alikuwa ni Mapinduzi ya Zanzibar, ametumwa na Unguja kukaa na Tanganyika. Mwananchi wa Makunduchi au wa Wete hakuulizwa. Alipewa kura ya ndiyo au hapana kwa Rais wa Muungano, lakini mbunge hakumchagua.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu 1963, maana bila hicho mtu wa nje hawezi kuelewa kwa nini viongozi wa Mapinduzi waliogopa sanduku la kura kwa muda mrefu kiasi kile. Katika uchaguzi wa Julai 1963 Afro-Shirazi Party (ASP), chama cha Karume, ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, ikapata viti 13 kati ya 31. Vyama vya ZNP na ZPPP kwa pamoja vikapata 18 na kuunda serikali iliyopokea uhuru Desemba. Walio wengi walijikuta ni wachache ndani ya baraza kwa sababu ya mipaka ya majimbo. Jeraha hilo lilikuwa la kweli, na lilikuwa na sehemu yake katika yaliyotokea tarehe 12 Januari 1964. Hata hivyo halihalalishi miaka 17 bila uchaguzi wa wawakilishi. Katika miaka hiyo orodha ya mambo ya Muungano iliendelea kurefuka: fedha na mabenki 1965, mafuta na gesi 1968, na mengine yakafuata hadi yakafika 22. Wazanzibari waliokuwa Bungeni mambo hayo yakiongezwa hawakuwa na mpiga kura wa kurudi kwake na kumweleza walichokubali kwa niaba yake.

Ndiyo sababu mabishano juu ya mafuta yalidumu miongo kadhaa. Watu wa Visiwani waliona kitu kimechukuliwa na mikono wasiyoituma. Mwaka 2015 sheria ya petroli ya Muungano ilifungua njia ya Zanzibar kusimamia mafuta yake yenyewe, na mwaka uliofuata Baraza la Wawakilishi likatunga sheria yake, wakati mafuta yenyewe bado yameandikwa katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba kuwa ni jambo la Muungano.

Katiba ya kudumu ya 1977 ilipitishwa baada ya TANU na ASP kuungana kuwa CCM, na waliopiga kura upande wa Zanzibar bado walikuwa wa kuteuliwa. Mabadiliko yalikuja taratibu. Katiba ya Zanzibar ya 1979 ilizaa Baraza la Wawakilishi. Uchaguzi wa 1980 ukawapa Wazanzibari nafasi ya kwanza ya kuchagua wabunge wa majimbo, yakiwa machache. Halafu ukaja mgogoro uliomng'oa Rais wa Zanzibar, Mzee Aboud Jumbe, Januari 1984, kosa lake kubwa likiwa kutaka suala la muundo wa Muungano lipelekwe mbele ya Mahakama Maalumu ya Katiba. Mwaka huohuo katiba zote mbili zilifanyiwa kazi upya, na uchaguzi wa 1985 ukaja na sura ambayo tunayo hadi leo: majimbo 50 kutoka Zanzibar, wakati huo yakiwa kando ya 119 ya Bara, na juu yake wajumbe watano ambao Baraza la Wawakilishi huwachagua miongoni mwao kwenda kukaa Bungeni.

Tangu siku hiyo namba 50 haijatikisika, na ndiyo namba inayogombaniwa kila mjadala wa katiba unapofufuka.

Mtu wa Bara ana hesabu yake, na si hesabu ya chuki. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchi nzima, na kati yao Zanzibar ilikuwa na 1,889,773, yaani kama asilimia tatu. Gawa idadi hiyo kwa majimbo 50: mbunge mmoja kwa watu wasiofika 38,000. Gawa watu wa Bara kwa majimbo 222 ya uchaguzi wa 2025: mbunge mmoja kwa karibu watu 270,000. Mkulima wa Geita akiuliza kwa nini sauti yake ni sehemu ya saba ya sauti ya mtu wa Jang'ombe, anastahili jibu la heshima. Kumjibu kwamba "huo ndio Muungano" ni kumfukuza mlangoni.

Sasa tazama hesabu ya pili, ambayo ni nadra kuisikia upande wowote. Mwaka 1985 viti 50 vilikuwa karibu asilimia 30 ya viti vyote vya majimbo. Bara ikawa na majimbo 130 mwaka 1990, 182 mwaka 1995, 189 mwaka 2010, 214 mwaka 2015, na sasa 222. Zanzibar imebaki palepale. Asilimia 30 imekuwa 18. Na Bunge si majimbo peke yake. Katika Bunge lililochaguliwa 2015, lenye wabunge 393 pamoja na viti maalumu vya wanawake, walioteuliwa na Rais na Mwanasheria Mkuu, zile nafasi 55 ambazo Zanzibar ina uhakika nazo kwa maandishi zilikuwa asilimia 14.

Hilo limetokea bila kuvunja kifungu chochote, na hapo ndipo uchambuzi unapouma. Katiba imeiweka "idadi ya wabunge kutoka Zanzibar" katika ile orodha ya mambo yasiyobadilishwa mpaka theluthi mbili ya wabunge wote wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar wakubaliane, kila upande ukihesabiwa peke yake. Ulinzi huo ni mzito, sawa na uliopewa mamlaka ya Serikali ya Zanzibar. Lakini kilicholindwa ni idadi. Uwiano haukulindwa. Kukata jimbo jipya Bara ni kazi ya Tume ya Uchaguzi kwa kibali cha Rais wa Muungano, haihitaji ridhaa ya Baraza la Wawakilishi wala ya wabunge wa Zanzibar, na kila jimbo linalokatwa linapunguza uzito wa vile 50. Tumekilinda kibaba tukasahau pishi.

Kuna na mengine ndani ya hamsini zenyewe. Hadi 2000 Pemba ilikuwa na majimbo 21 na Unguja 29. Kufikia 2005 Pemba ikabaki na 18 na Unguja ikawa na 32. Na baada ya uchaguzi wa 2000, wabunge wa CUF waliosusia vikao walipoteza viti, sehemu kubwa ya Pemba ikakaa bila mtu wa kuisemea Dodoma hadi chaguzi ndogo za Mei 2003. Bunge halikusimama wakati huo pia.

Turudi kwenye kazi. Mbunge kutoka Zanzibar akiwa Dodoma anafanya nini?

Sehemu kubwa ya miswada inayomfikia si ya Muungano. Bunge letu lina kofia mbili: ni Bunge la Muungano kwa mambo 22, na ni Bunge la Tanganyika, kwa jina lisilotajwa, kwa kilimo, afya, maji, barabara, shule za msingi na serikali za mitaa za Bara. Katiba haijaweka mlango wa Mzanzibari kutoka nje kofia inapobadilishwa. Anakaa, anachangia, anapiga kura juu ya bei ya pamba ya Shinyanga, naye mbunge wa Shinyanga hana kauli yoyote juu ya karafuu ya Pemba. Mfano mmoja unatosha. Dk. Hussein Mwinyi alikuwa mbunge wa Mkuranga, mkoa wa Pwani, kutoka 2000 hadi 2005, kisha akawa mbunge wa Kwahani mjini Unguja. Akiwa mbunge wa Kwahani alipata kuwa Waziri wa Afya wa Serikali ya Muungano, na afya si jambo la Muungano. Wapiga kura wake wakiugua walikwenda Mnazi Mmoja, hospitali iliyo chini ya Serikali ya Zanzibar, ambayo wizara yake haikuigusa. Simlaumu yeye; aliteuliwa kihalali akafanya kazi aliyopewa. Nalaumu mpango unaomfanya waziri awajibike kwa watu ambao hawakumpigia kura, juu ya huduma ambayo waliompigia hawaitumii.

Waingereza wana swali la namna hii, na mtu aliyelipigia kelele zaidi, mwaka 1977, alikuwa Tam Dalyell, mbunge wa West Lothian huko Scotland, aliyeuliza itakuwaje apige kura juu ya mambo ya England ilhali mbunge wa England hana kura juu ya mambo yaleyale huko Scotland. Mwaka 2015 Bunge lao liliweka kanuni ya kuwapa wabunge wa England kauli ya ziada kwa sheria zinazoihusu England peke yake. Mwaka 2021 likaifuta. Nalitaja hili kwa wanaodhani dawa yetu ni kumwambia mbunge wa Zanzibar atoke nje wakati wa miswada ya Bara. Serikali inayotegemea kura za chama kizima haitakubali kwa muda mrefu kupoteza sehemu ya kura hizo kila Jumanne na Alhamisi.

Na kwa yale 22, ambayo kwayo mbunge huyu anahitajika kwelikweli? Huko ndiko Zanzibar inakopotea. Muswada wa kawaida wa jambo la Muungano hupita kwa wingi wa kawaida. Wabunge wote wa Zanzibar wanaweza kuukataa na ukapita. Wanaweza kutokuwepo na ukapita. Hawakai pamoja, hawana kamati yao, hawana msemaji wao. Wanakaa kwa vyama. Wakati pekee Katiba inapowatambua kuwa ni upande ni kwenye ile theluthi mbili, ambayo huja mara moja kwa miaka mingi.

Na hata hapo chama kimekuwa na nguvu kuliko upande. Mabadiliko ya 11 ya Katiba, 1994, yalimwondolea Rais wa Zanzibar nafasi aliyokuwa nayo kwa cheo chake ya kuwa Makamu wa Rais wa Muungano na kuleta mgombea mwenza. Ni badiliko lililogusa moyo wa Mapatano ya 1964, na lilipitishwa na Bunge ambalo wabunge wake wote wa kuchaguliwa walitoka chama kimoja, katika uchaguzi wa 1990 uliofanywa kabla ya vyama vingi kurudi. Upande wa Bara nao uliyaona hayohayo. Agosti 1993 hoja ya wale wabunge 55, walioitwa G55, ya kutaka Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano ilikubaliwa na Bunge. Mwalimu aliipinga vikali, na mwaka uliofuata ikazimwa ndani ya chama.

Mwaka 2014, katika Bunge Maalumu la Katiba lililokaa kujadili katiba mpya, tuliona jinsi ilivyo vigumu kwa mtu mmoja kusimama na upande wake. Othman Masoud Othman, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, alipiga kura ya hapana kwa baadhi ya sura za Katiba Inayopendekezwa, kwa hoja kwamba haziilindi Zanzibar. Tarehe 2 Oktoba Mwenyekiti Samuel Sitta akatangaza kwamba theluthi mbili imepatikana pande zote mbili. Mwezi huohuo Othman akaondolewa kazini. Kiti chake kilikuwa kimeandikwa Zanzibar kuliko kiti chochote mle ndani, akakitumia hivyo, na akakipoteza.

Bunge lile liliitupa rasimu ya katiba iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Warioba, na watu wengi wanaikumbuka kwa serikali tatu tu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Mimi naikumbuka zaidi kwa Bunge lake. Lilikuwa dogo: wabunge 75, wa kushughulikia mambo saba ya Muungano na si zaidi. Watano wangewakilisha watu wenye ulemavu. Sabini wangechaguliwa, mwanamke na mwanamume kutoka kila mkoa wa Bara na kila wilaya ya Zanzibar, hivyo 50 kwa 20. Ishirini kati ya sabini ni karibu asilimia 29. Ni uwiano uleule, kasoro kidogo, tuliokuwa nao 1985 kabla haujaanza kuliwa.

Nafahamu kwamba kwa Wazanzibari wengi kusikia hamsini zikigeuka ishirini ni kama kuambiwa wauze shamba. Naomba wapige hesabu upya. Ishirini katika Bunge lenye kazi ya Muungano peke yake ni wengi kuliko hamsini na tano katika Bunge la karibu mia nne linalojadili mbolea ya ruzuku ya Iringa. Na mkulima wa Geita naye angepata jibu lake: mbunge wa maji na barabara zake angekuwa katika bunge lake mwenyewe, kura yake ikiwa na uzito sawa na ya jirani yake wa Mwanza. Marekani walitenga mambo haya tangu mwanzo, chumba kimoja kwa idadi ya watu, kingine kwa usawa wa majimbo, ndiyo maana Wyoming yenye watu wasiofika laki sita ina maseneta wawili sawa na California. Sisi tumevitia vitu viwili chungu kimoja, kisha kila upande unalalamika kwamba mwenzake kapakuliwa zaidi.

Rasimu ile imekaa kabatini zaidi ya miaka kumi, na sijui mkono utakaoitoa. Lakini kuna kitu kisichohitaji kuisubiri. Wale watano wanaotoka Baraza la Wawakilishi ndio uzi wa mwisho unaounganisha Bunge na Zanzibar kama Zanzibar. Hawakutumwa na jimbo. Wametumwa na Baraza. Leo wanachaguliwa, wanaapa Dodoma, kisha wanamezwa na mamia. Kifungu cha 132 cha Katiba ya Zanzibar kinataka sheria ya Muungano ipelekwe mbele ya Baraza, lakini inapofika imekwishapitishwa na hakuna la kugeuza. Mpangilio huo unaweza kupinduliwa. Baraza lijadili muswada wa Muungano ukiwa bado ni muswada, lifikie msimamo, liwakabidhi watano wausome Bungeni kwa jina lake, na warudi kueleza kilichotokea. Kura zao tano hazitauzuia muswada. Lakini itakuwa imeandikwa katika Kumbukumbu Rasmi za Bunge kwamba Zanzibar ilisema nini, siku gani, na Bunge lilijibu vipi, na mbunge wa jimbo lolote la Unguja au Pemba atakayepiga kura kinyume atajua wapiga kura wake wanao msimamo huo mkononi. Hilo linaweza kuanzia Chukwani, yaliko makao ya Baraza, kwa kanuni za Baraza lenyewe, kabla muswada haujasomwa mara ya pili Dodoma.